Mkungu Alipotafuna Buni za Wajane

Dada Mwanaisha, nakuamkia kutoka Isingiro, Karagwe, kwenye baridi isiyojua adabu.

Wajane wa hapa huchemsha buni za kutafuna, wakazianika na kuziuza pamoja ili walee yatima wao. Jana mkungu, mkuu wa kijiji, alikuja kuwanyang'anya uwanja wa kuanikia. Bibi mmoja akampa buni, kama mgeni yeyote anavyopewa. Akazitafuna huku akifoka.

"Baba, umeshakula buni zetu," bibi akasema. "Sasa u mgeni wetu. Tangu lini mgeni akampokonya mwenyeji?"

Watu wakacheka hadi mkungu naye akacheka. Leo vijana wake wanauzungushia uwanja ua, ili buni za wajane ziwe salama! Mimi nimechangia mikeka, na ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Mwambie mama sijakonda, nanyi nyote nawakumbuka.

Nduguyo, Saidi