Kikao cha Dharura Kuhusu Ngozi ya Mridangam Iliyoliwa na Panya

CHAMA CHA NGOMA YA BHARATANATYAM, GITEGA NA MUYINGA

Tarehe: Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Mahali: Gitega, sebuleni kwa Mwalimu Anisia
Waliohudhuria: Husni, fundi cherehani (Mwenyekiti, Muyinga), Anisia (Mwalimu), Matata (mpiga ngoma, Muyinga), Zawadi (mchezaji, Muyinga), Bonifasi (Katibu, Gitega)
Hakuhudhuria: Elikana (mwimbaji). Alituma ujumbe kwamba anatunza koo.

KUMB. NA. 1/10: KUFUNGUA
Kikao kilipangwa saa tatu asubuhi, kikaanza saa tano kasorobo kwa sababu wajumbe wa Muyinga walikosa esansi ya gari njiani. Katibu alikuwepo tangu saa tatu kasoro dakika kumi na anaomba jambo hilo lionekane.

KUMB. NA. 2/10: HALI YA NGOMA
Katibu alionyesha mridangam, ngoma yetu ya Kihindi yenye nyuso mbili. Uso wa kushoto, wenye ngozi ya mbuzi, una tundu linalopitisha ngumi. Mwalimu alikumbusha kwamba uso huo hubandikwa donge la unga uliokandwa ili utoe sauti nzito, na donge hukwanguliwa mara ngoma inapokwisha kupigwa. Alisema amelieleza hilo tangu aliporudi kutoka Tanzania, alikojifunza, na amechoka kulieleza. Safari hii unga uliachwa, panya wakaufuata, wakala na ngozi.

Mwalimu aliongeza kwamba Zawadi amejifunza Bharatanatyam, uchezaji huu wa Kihindi, miaka sita, na onyesho lake la kwanza ni Jumamosi ijayo, Muyinga. Asipocheza mbele ya watu hataruhusiwa kufundisha, na watoto kumi na wawili wanamngoja Jumatatu inayofuata. Mwenyekiti alipendekeza muziki wa simu. Mwalimu alijibu: "Simu haioni miguu, bwana Husni. Mpiga ngoma anaiona."

KUMB. NA. 3/10: NANI ALIACHA UNGA
Ajenda hii ilichukua zaidi ya saa moja. Matata alisema baada ya mazoezi ya Muyinga alikimbilia swala: "Ngoma niliacha iko mzima. Mi napiga, sifagii." Mwenyekiti alisema yeye aliifunga kitambaa tu: "Nilikuta unga iko juu, nikajua ndiyo hivyo inakaaga." Katibu alisema uzembe wa watu wa Muyinga umemfika hapa, akaonyesha shingoni. Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yafutwe. Hayakufutwa.

Zawadi, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu, aliomba kumbukumbu za tarehe 20 Septemba zisomwe. Katibu alisema hazihusiani. Mwenyekiti alisema zisomwe. Katibu alisoma KUMB. NA. 4/9, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Unga utakwanguliwa na atakayeibeba ngoma."

Zawadi aliuliza: "Na nani aliibeba kutoka Muyinga, kaka Bonifasi?"

Katibu alijibu kwamba ni yeye. Alipoulizwa ililala wapi, alijibu jikoni kwake, wiki mbili, karibu na gunia la mahindi. Aliuona unga, lakini alikuwa amechoka na safari. Matata alicheka. Mwalimu hakucheka.

Zawadi alisema: "Mi sigombani na mtu. Mi nataka kucheza tu."

Katibu aliomba radhi kwa Zawadi, na baada ya Mwenyekiti kumtazama, kwa watu wa Muyinga pia. Aliona aibu, na inaandikwa hivyo.

KUMB. NA. 4/10: MAAMUZI
Fabiano wa Nyarusange, mkulima anayewamba ngoma za kanisani, alipigiwa simu. Ana ngozi ya mbuzi tayari, na ataiwamba ifikapo Alhamisi endapo ngoma itamfikia leo. Matata atapima sauti Ijumaa. Zawadi atacheza Jumamosi. Gari la Nyarusange linaondoka saa nane. Suala la nani ataibeba ngoma halikujadiliwa.

Kikao kilifungwa saa saba na dakika ishirini, chai ikiwa haijanywewa.

Husni, Mwenyekiti (saini)

Bonifasi, Katibu (saini), kituo cha magari ya Nyarusange, ngoma ikiwa magotini, unga wote umekwanguliwa.