Kamera ya Janvier

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tatu

Wametukatia. Hapana, kukata kungekuwa heshima. Wametufinya! Asubuhi nilifungua kompyuta, ikatokea barua nyekundu ya kampuni ya internet: abonnement, ada ya kila mwezi, haijalipwa miezi miwili, kwa hiyo mwendo umepunguzwa mpaka tutakapolipa. Maandishi yanapita. Sauti inatambaa. Picha — sahau.

Na kazi yangu ni sauti! Ninasikiliza watu waliorekodiwa wakizungumza Kiswahili, ninaandika walichosema, ninatuma Kinshasa. Kazi ya nyumbani, kiti cha plastiki, kandambili miguuni, mshahara wa dola. Nani mwingine kwenye avenue hii? Hakuna.

Leo dakika moja ya sauti ilichukua dakika arobaini kushuka. Nilienda kuchota maji, nikarudi na bidoni mbili, bado haijafika nusu.

Jumanne, tarehe 10

Nimemwandikia grand yangu Janvier, kaka mkubwa, yuko Kampala. Kulipa internet ni juu yake: mshahara unaingia kwake, mimi ananitumia nusu. Kazi iko kwa jina lake, diplôme ni yake. Aliifanya wiki mbili ikamchosha, akaenda zake kuuza simu, akaniachia kompyuta na neno la siri. Mwaka mzima sasa Madame Rosine, chef wetu, mkubwa wa kazi kule Kinshasa, anasema "Bonjour Janvier", na anayeitika ni mimi, Gisubizo, niliyeacha shule mwaka wa tatu wa secondaire.

Janvier amejibu: "Lakini petit, hiyo ni bahati! Réseau ikiwa mubaya, picha ikikwama, nani ataomba kuona sura yako?" Eti atalipa siku hizi zijazo.

Siku hizi! Mutu anakula nusu na hata modem hajui iko pembe gani ya nyumba.

Lakini ana haki kidogo. Kila bilan ya Ijumaa, mkutano wa kuhesabu kazi ya wiki, wenzangu wanafungua kamera, mimi ninasema réseau, Madame, réseau ya Goma! Nilisema hivyo hata internet ilipokuwa inakimbia. Sasa ni kweli, na ninautamani uongo wangu.

Jumatano, tarehe 11

Leo nimefanyia kazi kwa Umuhire, fundi wa kushona, lango la pili kutoka letu. Nilitumia megabaiti za simu yake. Mchokozi huyu! "Monsieur le Directeur, ofisi imehamia kwa cherehani?" Nikamwambia asimamishe mashine, wakubwa wanasikiliza. Akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, faili kumi na moja! Kwa moja kulikuwa na mama anayesema mbio, mudomo umejaa chakula, nyuma watu wanabishana bei. Wenzangu watatu, wote na diplôme zao, waliandika "haisikiki". Mimi niliandika yote mpaka tusi la mwisho. Nimekulia soko la Kituku, chini ya meza ambapo mama anauza sambaza, visamaki vya ziwa. Pale unasikia Kiswahili cha Munande, cha Muhunde, cha Mushi, cha anayelia, cha anayedanganya, vyote kwa mara moja. Shule gani inafundisha hiyo?

Alhamisi, tarehe 12

Eeh! Ujumbe wa Madame Rosine. Faili ya yule mama imefika kwa wakubwa wake, wameshangaa. Wanataka Janvier awe chef d'équipe. Watu saba chini yake, mshahara karibu mara mbili. Kesho saa nne asubuhi, kamera wazi, carte ya utambulisho mkononi. "Na safari hii usiniambie mambo ya réseau. Chef asiye na internet si chef."

Nimesoma mara sita nikicheka peke yangu. Mara ya saba nikaliona lile jina juu: Janvier.

Janvier amejibu upesi kuliko siku zote. Kataa! Sema mama anaumwa. Sema volkano. Tutapoteza yote, petit.

Tutapoteza? Yeye atapoteza nini? Masikio ni ya nani?

Nilimsomea Umuhire. Hakucheka, na hiyo haijawahi kutokea. "Sasa utaonyesha carte ya nani?" Nikasema nitaona. "Ukikataa, utakuwa Janvier mpaka lini?" Kisha akarudi kwa suruali ya mutu.

Saa kumi na moja nimeuza baffle yangu, spika kubwa. Ile inayotikisa mabati ya avenue nzima! Aliyenunua ni muzee Harelimana, jirani anayegonga ukuta kila nikipiga muziki. Hakuomba hata kupunguziwa. Nikamuuliza, muzee, utasikiliza nini? "Mutoto, nitaifungia kabatini. Ninanunua usingizi wangu."

Nimelipa miezi yote miwili kwa simu, palepale. Internet imerudi — inateremka kama chukudu ya mbao mlimani, bila breki! Janvier sijamwambia.

Ijumaa, tarehe 13

Saa tatu na dakika hamsini. Shati nyeupe, Umuhire amepita kurudishia kifungo cha kola. "Usitabasamu sana," amesema, "watafikiri unauza kitu." Carte d'électeur, ile ya kupigia kura, iko mezani. Yangu.

Saa nne. Madame Rosine ameingia. Ninaandika mbele yake, anafikiri ninachukua notes. Si muzee hata kidogo, mwaka mzima nilijua sauti yake tu! Pazia la njano, feni nyuma yake. "Janvier! Hatimaye! Lakini mbona uko mutoto hivi?"

Nimesema. Madame, mimi si Janvier. Mimi ni Gisubizo, mudogo wake. Faili zote za mwaka huu ni mimi niliandika. Zote. Nimeinua carte.

Picha yake imesimama. Mudomo wazi, jicho halipepesi. Réseau tena? Leo? Nimegeukia modem — taa zote kijani. Nimemrudia: pazia nyuma yake linacheza na upepo wa feni.

Internet iko sawa. Ni yeye aliyesimama.

Sasa anavaa miwani. "Sogeza hiyo carte karibu," amesema. Nimesogeza. "Karibu zaidi. Na wewe pia, sogea, nimuone huyo Gisubizo." Mimi pia, Madame? Pua itagonga kioo!

Nimesogea.