Swali Lako la Penseli

Yaya Ntumba, dada mkubwa wa kikundi chetu,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu wewe mwenyewe ulisema kimevaa soksi, kinanyata. Tulicheka sana siku ile, hata Tata Kasongo, mzee wa kikundi chetu, ambaye hacheki ovyo. Ukaniambia: "Ma petite, mdogo wangu, andika na lugha yenye unaombaka nayo chumvi kwa jirani." Basi ndiyo hii.

Jumatano bado tunakutana nyuma ya kanisa la Musonoi kusomeana yale tuliyoandika. Tulikuwa kumi na mmoja, sasa tumebaki watano. Kiti chako hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza, watu wanakizunguka tu. Na mtu akimaliza kusoma, kila mmoja bado anangoja wewe uulize: "Harufu iko wapi? Mi sisikie kitu." Wiki iliyopita Tata Kasongo alijaribu kuuliza yeye. Alifika kwenye "iko" tu. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Nina jambo la kukwambia, na mi pia nimelizunguka kama kile kiti. Ni juu ya Jumatano yako ya mwisho.

Unakumbuka hadithi yangu. Mama anachekecha bunga ya zamani, unga uliokaa sana, sisi watoto tumemzunguka na njaa, vidudu vinabaki juu ya chekecheke. Kwetu tunaviita bilulu. Niliandika majuma matatu kabla, wakati neno hilo lilikuwa bado la jikoni. Mstari wa mwisho ulisema: "Bilulu bitoke, sisi tukule." Niliupenda. Niliusoma mbele ya kioo, mimi ninayeshindwa hata kujibu "présent" darasani.

Kisha Jumatatu vijana wakapita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai ni bilulu, warudi kwao. Kwao! Wewe uliyezaliwa hapa, na baba yako vilevile. Babu yako ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nilisikia, Yaya. Siwezi kusema sikusikia. Lakini Jumatano Tata Kasongo aliita jina langu, na kusema "leo sisomi" kulinitisha kuliko kusoma. Nikasoma mbio. Nilipofika kwenye mstari ule, vijana wawili wa kikundi, wale wanaokaa nyuma, wakapiga meza: "Voilà! Batoke!" Bilulu bitoke, kwao ikawa watu watoke. Ukashusha macho kwenye penseli yako.

Na mi nikanyamaza. Unajua sheria ya Tata Kasongo: "Mwenye kusoma anafunga kinywa. Karatasi ijitetee yenyewe." Nilijificha ndani ya sheria hiyo kama mtoto chini ya kitanda. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: si wewe, Yaya, ni bunga. Moja tu. Hukuuliza harufu. Ulikunja karatasi yangu, ukaiweka mfukoni pamoja na za wengine, kwenda kuzisahihisha nyumbani kama kawaida.

Jumatano iliyofuata nyumba yenu ilikuwa wazi, hata mlango wameng'oa. Mlikuwa gare, kituo cha treni, pamoja na watu wengine wote wa Kasai waliofukuzwa, mkingojea treni ambayo haiji. Nilikwenda. Hilo hukulijua. Nilikuona umeinama unapuliza moto, kitambaa chako cha bluu kimekuwa rangi ya vumbi. Uliinua kichwa, na mi nikaingia nyuma ya mama mmoja aliyebeba godoro, nikatembea naye hatua kwa hatua mpaka barabarani. Nikajisemea: kesho nitarudi na bunga. Kesho ikafika, nikasema kesho. Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia pale gare. Siku moja Tata Kasongo akaja kwetu kofia mkononi, na kabla hajafungua kinywa nikajua.

Yeye na baba yako ndio waliokuzika. Treni ikaja siku nne baadaye. Kabla ya kupanda, mama yako alimkabidhi Tata Kasongo karatasi zetu zote, zimefungwa kwa kamba, kila moja na maneno yako ya penseli. Pale gare, kwenye moshi na kilio cha watoto, ulikuwa unasahihisha!

Yangu niliiacha siku mbili bila kuifungua. Matusi yote niliyostahili nilikuwa nimeshajiandikia kichwani kwa mwandiko wako. Juu kabisa umeandika: "Harufu ya bunga, leo nimeisikia." Yaya, mwaka mzima nilingoja maneno hayo. Chini umezungushia duara lile neno, na pembeni: "Hapa ulisoma mbio. Na hadithi haijaisha. Bilulu bikishatoka, binaenda wapi?"

Hayo tu. Sijui kama ulikuwa umenisamehe, au ulikuwa unasahihisha tu kama siku zote. Nimegeuza karatasi mara nyingi. Nyuma hakuna kitu.

Nimejaribu kukujibu. Nilimuuliza Mama, akasema aliweka chekecheke nje juani, basi. Nikakaa na kalamu ya biki saa nzima. Ukweli ni mfupi, na ndio nimeuandika mahali pa mstari ule niliokuwa nikiupenda: "Sikuangalia. Nilikuwa ninakula."

Jumatano hii nitaisoma polepole, na nikimaliza sitafunga kinywa. Nitataja jina lako. Nitasema wewe si kilulu, hukuwa hata siku moja. Nitasema gare, nitasema lile godoro. Wale wawili wa nyuma bado wanakuja. Tata Kasongo nimeshamwambia kwamba nitavunja sheria yake. Akasema: "Vunja, mwanangu. Mi ndiye ningepaswa kuivunja siku ile."

Penseli yako iko kwangu, ilikuwa imefungwa ndani ya kamba ileile. Imebaki fupi kama kidole cha mwisho. Nitasahihisha nayo karatasi za wengine mpaka iishe, na mtu akimaliza haraka, nitamuuliza swali lako la penseli.

Pumzika, Yaya. Safari hii sijifichi.

Mdogo wako wa Jumatano,
Ngoie