Mama Kui: Matanga ya Mzee Kiwanja Hayajaisha

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotuacha hapa Kwa Kimanzi, na jambo la kwanza tunalotaka ulijue ni kwamba nguzo zimerudi.

Jamaa zako wa Nyeri hawakutaka tuanze hivyo. Walitaka mistari ya Biblia na picha yako ya harusi ya Ishmael, ile uliyovaa kofia ya kuazima. Picha tumeiweka. Lakini sisi tunakujua. Ungekuwepo, ungesomewa tangazo hili mlangoni mwa duka la Asho, mkono kiunoni, halafu ungeuliza, "Haya, kulia mmelia. Na kiwanja je?"

Wanaosoma na hawakukujua wacha nao waelezwe. Wewe ni Gathoni, mke wa Njogu, mama yetu sisi Ishmael, Kui na Ndung'u. Ulikuja huku chini ya Kilimanjaro ukiwa bibi harusi, ukalima vitunguu kwa maji ya mfereji, ukazeeka ukivilima. Soko letu dogo, hapa kati ya Illasit na Rombo, lilipopimwa, wazee walitenga kiwanja nyuma ya mabanda ya nyanya. Kilikuwa cha zahanati. Kila mtu alijua, na wewe ulijua kuliko wote.

Halafu, mwaka wa tisini na tatu, tukaamka tukakuta nguzo na seng'enge. Tajiri mmoja alikuwa amejigawia. Jina lake hukutaka litamkwe nyumbani kwako, na sisi hatutaliandika hapa. Akitaka kujulikana na anunue tangazo lake.

Siku hizo kuitisha mkutano bila kibali ilikuwa hatia. Ulikwenda kuomba kibali, ukaambiwa hapana. Ukarudi tena, hapana. Mara ya mwisho karani alikuwa amechoka na wewe kabisa. "Mama, mikutano imefungwa," akakuambia. "Kitu haiombi kibali ni matanga peke yake." Ulimshukuru kwa moyo mmoja, ukamwombea na baraka. Maskini, alifikiri umekata tamaa.

Kutoka hapo ulikwenda moja kwa moja kwa Asho Aweys, rafiki yako wa chanda na pete, aliyekuja kutoka Garissa akafungua duka la sukari na vitambaa hapa sokoni. Yeye mwenyewe ndiye ametusimulia.

"Mama Abdi, tumefiwa," ukamwambia.

"Subhanallah! Nani?"

"Mzee Kiwanja."

Asho alikuangalia, akaangalia seng'enge kule nyuma, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Pole sana, abaayo, dada yangu," akasema. "Sasa matanga ni lini? Sukari iko."

Basi yakafanywa matanga. Turubai lilifungwa kandokando ya ile seng'enge. Kina mama walikuja na kuni na sufuria, wengine wakitembea kutoka Illasit na mizigo kichwani. Wewe ulikaa chini na leso kichwani kama mjane, watu wakawa wanasimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Walisema aliahidi kuwapokea wajawazito wote bila kuuliza wametoka wapi. Walisema alinyongwa kwa waya akiwa bado kijana.

Ndipo chifu alipotokea. Alikuwa mgeni, ameletwa kwetu juzijuzi tu, na njiani alikuwa amesikia kwamba kijiji kizima kiko kwenye matanga ya Mzee Kiwanja. Akaona vizuri ajitambulishe kwa watu wake wakati wa majonzi. Alikuja na pakiti ya sukari na majani ya chai, akavua kofia, akaomba nafasi ya kusema neno. Ukampa. Nani angemnyima?

"Ndugu zangu," akasema, "mimi Mzee Kiwanja nilimjua. Nilimjua vizuri sana. Alikuwa mtu wa maendeleo. Hakubagua kabila, hakubagua dini. Na serikali inasema pole, kwa sababu imepoteza mtu wa maana."

Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenziwe. Asho alikuwa ameuma ncha ya buibui yake. Wewe ndiye uliyesimama, uso mkavu, ukamuuliza, "Asante chifu. Na wale walimnyonga?"

"Watatafutwa!" chifu akajibu. "Hata kama wamejificha wapi!"

Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika mpaka mferejini. Chifu akafurahi, akauliza kaburi liko upande gani ili aweke udongo. Ukanyoosha mkono kwenye seng'enge. Aliziangalia zile nguzo muda mrefu, akakuangalia wewe, akaangalia pakiti ya sukari aliyoileta yeye mwenyewe. Halafu akakaa chini akaomba chai. Tangu siku hiyo, kila wakubwa wake walipomuuliza kama Kwa Kimanzi kuna mikutano haramu, alijibu kwamba hajui, yeye anajua msiba tu. Angesema nini tena, na hotuba nzuri kuliko zote alikuwa ametoa yeye?

Wengi walijiuliza jinsi ulivyolia siku ile. Kuigiza kulikuwa kwingine, machozi yalikuwa mengine, na wanawake waliokaa karibu nawe waliona. Sisi wa nyumbani tulijua. Ulikuwa unamlilia Gakuru, ndugu yetu, uliyemzaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya kabeji kabla gari halijafika Loitokitok. Hakunyonya hata mara moja. Hukuwahi kumtaja kwenye mkutano wowote, kwa sababu ulisema hutaki kuhurumiwa, unataka zahanati. Leo tunamtaja sisi. Utusamehe, Mama, lakini watu wanafaa kujua kwamba hapa hatugombanii mchanga.

Ukaifanya kuwa desturi. Kila mwaka kumbukumbu ya Mzee Kiwanja, na kila mwaka watu wakaongezeka. Walikuja walimu kusema wasichana wasilazwe chini kukeketwa, wakaja wakulima wa mfereji kuzozana kuhusu zamu za maji, wakaja vijana wenye gitaa. Mara moja lori la mawe la yule tajiri lilifika likakuta watu wanaomba, macho yamefungwa. Ombi lilirefushwa. Dereva alingoja amina hadi akachoka, akageuza gari.

Baba hakupenda. Hilo nalo tuliseme. "Gathoni, achana na hiyo kiwanja, utatuletea maneno," alikuambia asubuhi na jioni. Ulimjibu, "Maneno tayari iko, mzee wangu. Mimi nayapikia tu."

Mwaka wa tisini na sita walikuja askari ambao si wa kwetu. Walikubeba wewe pamoja na sufuria kubwa ya githeri, wakisema sufuria ni ushahidi wa mkutano haramu. Kufikia alasiri ushahidi ulikuwa umeliwa wote.

Asho alikufuata kituoni na themosi ya chai. Pale mlangoni wakamwomba kitambulisho, akatoa. Wakamwomba na ile kadi ya pinki waliyopewa Wasomali peke yao, kuonyesha kwamba ni Wakenya. Alikuwa ameiacha dukani. Wakamweka ndani pia, yeye na chai yake. Kesho yake askari mmoja, kijana wa Kimaasai mwenye adabu, akafungua mlango akakuita mama kwa lugha yao, "Yeyo, toka. Wewe umeachiliwa."

"Na huyu?"

"Huyu ni mambo ingine. Hana kadi."

Ukakaa chini tena, ukajifunika leso yako. "Hata mimi sina hiyo kadi. Basi tuko sawa."

"Yeyo, wewe haihitaji."

"Na yeye anaihitajia nini? Tumeuza naye soko moja miaka yote hii. Nikitoka, natoka na yeye. Tumekunywa themosi moja, tutaiosha pamoja."

Walikubembeleza, wakakufokea, wakamleta mkubwa wao naye akafoka. Ulikataa katakata. Ulilala pale siku nyingine, uhuru ukiwa mkononi na hukuutumia, hadi wakachoka kukupikia uji. Mlitoka nyote wawili mchana kweupe, wewe na sufuria tupu kichwani, Asho na themosi, na soko zima likasimama kuwaangalia. Asho akisimulia habari hii bado hulia, kisha hujikasirikia kwa kulia.

Nguzo ziling'olewa baada ya serikali kubadilika. Kiwanja kikapimwa upya, kikarudishiwa jina lake la zahanati, na tukaanza kujenga kwa mikono yetu. Ulibeba mawe ukiwa na presha yako, tukikukataza, ukituambia tuende tukakatazane sisi kwa sisi. Kuta zilikuwa zimefika madirishani ulipotuacha.

Hata udongo wako haujakauka, nguzo zikarudi. Mpya, zimepakwa rangi. Tunadhani walijiambia kwamba mwenye mdomo amekufa, na waliobaki ni wa kulia tu. Hapo ndipo walipokosea, Mama. Wamesahau kwamba kwetu kulia ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Sasa usikie habari ya mzee wako. Njogu, yule yule wa "achana na hiyo kiwanja", siku nguzo ziliporudi alichukua kiti chako cha jikoni, kile chenye mguu uliofungwa kamba, akakipeleka mpaka ndani ya zile kuta zisizo na paa, akakaa. Kesho yake akarudi. Hata leo yuko pale, na redio yake na fimbo. Mafundi wa yule tajiri walimuuliza anafanya nini. "Nangoja bibi yangu," akawaambia. Wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe.

Kui amekuja kutoka Kitengela kupanga kumbukumbu yako. Wakubwa wa serikali wamemwita, wakamshauri kwa upole tufanyie kanisani au nyumbani, mahali penye heshima. Kui akauliza kama sheria inatukataza. Wakamwambia kibali siku hizi hakihitajiki, kinachotakiwa ni taarifa tu. Basi taarifa ndiyo hii. Imechapishwa, wameisoma, hawawezi kusema hawakujua.

Tutakutana Jumamosi, baada ya soko kutulia, kiwanjani, ndani ya kuta zako. Sufuria ni ile ile ya ushahidi. Ndung'u ameisugua mpaka inang'aa. Sukari ni ya Asho. Kila anayekuja aje na jiwe moja, linalobebeka, maana baada ya maombi tutaendelea na ukuta kutoka pale ulipoachia.

Na chifu wako atakuwepo. Amestaafu sasa, magoti yanamsumbua, lakini ametuma neno kutoka Rombo kwamba anaomba nafasi ya kuzungumza tena. Anasema mara ile aliongea uongo mbele ya watu na hakuna aliyemcheka machoni, na jambo hilo hajalisahau. Anasema safari hii marehemu anamjua.

Wanaokukumbuka: mume wako Njogu, kutoka kitini, wanao Ishmael, Kui na Ndung'u, na Gakuru aliyekutangulia huko uliko, wakaza wanao na wajukuu, rafiki yako Asho Aweys na mwanawe Abdiladif, na soko lote la Kwa Kimanzi.

Hatutakusahau, Mama. Na hatuhami.