Maua ya Mama na Jicho la Kushoto

CHAMA CHA FAMILIA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Siku: Jumapili, alasiri
Mahali: Sebuleni kwa Mama, juu ya duka la vioo

WALIOHUDHURIA
1. Kaka Mkubwa, fundi bomba – Mwenyekiti
2. Mama – Mlezi wa Chama
3. Shangazi, dada yake marehemu Baba – Mjumbe
4. Mke wa Mwenyekiti, muuguzi – Mjumbe
5. Kitindamimba, mchapaji wa picha – Mjumbe
6. Binti wa kati, fundi cherehani – Katibu

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Mume wa Katibu. Alitoa udhuru wa mafua. Katibu alimwacha mbele ya televisheni akitazama mpira, na mafua yenyewe hakuyaona.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa, akaeleza kwamba alikuwa kwa mteja. Shangazi alisema huyo mteja bila shaka ni kinyozi, maana poda bado iko shingoni. Mwenyekiti alijifuta, akaomba twende kwenye mambo ya maana.

Alieleza kwamba Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia mwezi uliopita, na jicho likapona vizuri. La kushoto limepangiwa Alhamisi hii. Mama amekataa. Amesema hakuna atakayeligusa jicho hilo mpaka watoto wake wamweleze yale maua ya kwenye picha ya ukutani yalikuwa na rangi gani hasa. Mwenyekiti alisema tangu azaliwe hajasikia daktari wa macho akisubirishwa na maua. Mama alisema masikio yake ni mazima, kwa hiyo asisemwe kama hayupo.

KUMB. NA. 2/7: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Mwenyekiti aliomba yaondolewe maneno "mjakaranda wa nyumba ya zamani ulikatwa bila mtu yeyote kushauriwa". Alieleza, kwa mara nyingine, kwamba mizizi ilikuwa imeingia kwenye bomba la maji machafu, na bomba likapasuka. Katibu alisema hakuna anayeitetea mizizi. Kinacholalamikiwa ni kwamba Mama alitoka kliniki akakuta kisiki.

Maneno yalibaki kama yalivyo. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba amechukia. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/7: MAELEZO KUHUSU PICHA YA UKUTANI

Kitindamimba aliombwa aeleze ilivyokuwa. Alikumbusha kwamba Baba, enzi za studio yake, kila ule mjakaranda ulipochanua alikuwa akilala chali chini yake na kupiga picha ya maua na anga nyuma yake. Picha hizo zilinunuliwa sana, na ilikuwa nadra kuingia sebule ya mtu mtaani pale usizikute. Ile ya kwetu ilianza kuchujuka na kuwa nyekundunyekundu, hivyo mwaka wa mwisho wa uhai wa Baba, Kitindamimba aliirekebisha kwenye kompyuta na kuichapa upya.

Aliporekebisha, Mama alikaa kando yake akimwelekeza. Kila alipoonyeshwa alisema, "Ongeza buluu." Akaongeza. "Ongeza tena." Akaongeza tena. Kitindamimba alikiri kwamba aliona kabisa imezidi, lakini mteja alikuwa mama yake mzazi, angemwambia nini.

Mke wa Mwenyekiti alifafanua kwamba mwenye mtoto wa jicho huona dunia kama anaitazama kupitia glasi ya chai ya rangi. Buluu humfikia kidogo sana, ndiyo maana Mama aliidai. Sasa jicho la kulia limesafishwa na buluu yote inaingia kwa mkupuo.

Mama alisema asubuhi ya kwanza baada ya kufunguliwa bandeji alitazama ukutani akadhani mtu amembadilishia picha. Alirudi kitandani kwa hofu. Hakumwambia mtu.

KUMB. NA. 4/7: MJADALA KUHUSU RANGI HALISI

Shangazi alisema maua yalikuwa zambarau, basi, kikao kifungwe. Mwenyekiti alisema yalikuwa buluu. Katibu, ambaye amelinganisha nyuzi na vitambaa maisha yake yote, alisema yalikuwa urujuani mwepesi. Mwenyekiti alisema hiyo ni rangi ya wanawake kubishania dukani. Katibu alimwomba Mwenyekiti aeleze kaptura yake ya shule ilikuwa rangi gani. Alisema kijivu. Ilikuwa kijani. Katibu ndiye aliyekuwa akiifua.

Kitindamimba alieleza kwamba kosa si la kumbukumbu peke yake, kwa sababu kamera nayo hubabaishwa na ua hilo. Ukilipiga na anga nyuma, kamera inafuata mwanga wa anga na ua linatoka jeusi. Ukilipa ua mwanga wake, anga linakuwa jeupe kama karatasi. Na ile zambarau, usipoishika vizuri, inateleza mpaka kwenye buluu. Kwa hiyo kila picha lazima irekebishwe, na anayerekebisha lazima awe na kitu cha kumwongoza.

Shangazi alipendekeza mtu akachume ua. Kitindamimba alisema si msimu wake. Shangazi alisema zamani mtu hakuhitaji kungoja msimu kwa wasiwasi, kwani mti ulikuwa uani na ungekuja kuchanua tu. Mwenyekiti alitazama dirishani.

KUMB. NA. 5/7: SANDUKU LA FILAMU ZA BABA

Kitindamimba alitoa chini ya meza sanduku la filamu za studio. Mwenyekiti alitaka kujua kwa idhini ya nani lilitoka stoo. Kitindamimba alijibu kwamba lilikuwa chini ya mabomba ya kaka yake, na maji yalikuwa yanalidondokea. Mwenyekiti hakuendelea na hoja hiyo.

Filamu ya ile picha ya ukutani iliwekwa kwenye mashine ya kusomea, ikatokea kwenye kompyuta. Matawi yalikuwa yaleyale na anga lilelile. Lakini pembeni chini, mahali ambapo fremu ya ukutani huishia, kulikuwa na mkono wa mwanamke umeshika tawi, umevaa blauzi nyeupe, na nusu ya uso ikitazama juu.

Shangazi aliuliza ni nani yule. Mama alisema, "Mimi."

Kitindamimba alipitisha filamu nyingine, na nyingine. Mkono ulikuwemo katika zote, na daima pembeni.

Mama alieleza. Alikuwa akipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, Baba amelala kwenye mkeka na kamera kifuani. Baba alikuwa akimwambia, "Shusha tawi kidogo. Usicheke, linatikisika." Na lazima avae nyeupe, iliyofuliwa na kupigwa pasi siku hiyohiyo. Baba alisema akishaupata weupe wa ule mkono kwenye chumba cha kusafishia picha, rangi nyingine zote zinakaa zenyewe. Picha ikishakubali, anakata pembe ile na kuitupa, kwa sababu mteja anataka maua, hataki mke wa mpiga picha. Mama alisema hakuona vibaya. Alipenda ile ndoo. Alisema ndizo saa ambazo Baba alikuwa wake peke yake, hakuna bibi harusi mlangoni wala mtoto anayelilia uji.

Katibu alikumbusha kikao kwamba miaka yote tumeimba kuwa nyumba ya mpiga picha haina hata picha moja ya Mama akiwa kijana. Mwenyekiti aliomba ruhusa akanywe maji. Jikoni maji hayakusikika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni poda ya kinyozi.

Kitindamimba aligusa ule mkono wa blauzi kwenye kompyuta na kuiambia mashine hapa ndipo peupe. Rangi zote zilihama mara moja. Maua yalitoka zambarau laini yenye uwaridi kidogo ndani, na anga likasimama nyuma bila kuyameza. Shangazi alisema, "Si nilisema." Katibu alisema ni urujuani, ila hatabishana na mtu mzima. Mwenyekiti alikubali kwamba si buluu.

AZIMIO: Picha ichapwe upya kwa rangi hiyo, nzima, bila kukatwa pembe. Lilipita bila kupingwa.

KUMB. NA. 6/7: JICHO LA KUSHOTO

Mwenyekiti alisema sasa rangi imejulikana, Mama ajiandae kwa Alhamisi. Mama alishukuru sana. Alisema picha ni nzuri kupita alivyotegemea, na atakapofika mgeni atamwonyesha ule mkono. Lakini Alhamisi hatakwenda.

Mwenyekiti alipandisha sauti. Mkewe alimgusa goti. Kisha mke huyo alimweleza Mama, kwa upole, kwamba daktari amesema likiachwa litakomaa na mwisho halitaona kabisa. Mama alisema, "Najua, mkwe wangu. Uliniambia na nimekuelewa."

Alifumba jicho la kulia akatazama picha ya ukutani kwa lile la kushoto. Alisema kwa jicho hilo picha iko sawasawa. Miaka ya mwisho, Baba naye alikuwa na mtoto wa jicho, kama yeye. Jioni walikuwa wanaweka viti viwili kwenye baraza ya uani na kuutazama mti. Maua yalikuwa kama yamechovywa kwenye chai, na anga limeiva. Baba alimwuliza, "Na wewe unayaona hivi?" Akamwambia, ndiyo. Wakacheka kwamba sasa hawahitaji kurekebisha chochote, kwa kuwa wote wawili wamekosea sawa. Ndiyo maana alimsumbua Kitindamimba na buluu. Alikuwa anataka picha ifanane na ule mti wa barazani, na hakujua kwamba jicho lake ndilo linaloitia picha ile rangi ya chai.

"Huo mkono wa blauzi ni ujana wangu, na nimefurahi kuuona," alisema. "Lakini baba yenu wa barazani ndiye niliyemzika. Mti haupo, na yeye hayupo. Mkinitoa hiki kioo kichafu, nitaona vizuri, nitaona peke yangu. Naogopa."

Mwenyekiti alisema, "Mama, kuhusu ule mti, nisamehe." Mama alimwambia bomba lilikuwa limepasuka kweli, harufu aliisikia. Mwenyekiti alisema hata hivyo, angemngoja atoke kliniki. Mama alisema ndiyo, ungeningoja.

Hapo Kitindamimba aliuliza kama anaweza kujaribu jambo. Alisema leo Mama ana macho mawili yasiyofanana, na baada ya Alhamisi hatakuwa nayo tena. Jicho la kushoto litazame ukutani, la kulia litazame kompyuta. Aseme tofauti iko wapi, naye atarekebisha mpaka jicho zuri lione kile kinachoonwa na jicho bovu. Kisha wataichapa.

Mama alikubali kujaribu, lakini kope zilichoka, hakuweza tena kufumba jicho moja bila jingine kufuata. Mwenyekiti alipiga magoti kando ya kiti na kumziba kwa kiganja. Kila Mama alipomgusa bega, alihamishia kiganja upande wa pili.

"Ongeza manjano. Bado. Anga ni jeupe mno, lipe chai." Kitindamimba alilipa. "Maua yarudi nyuma kidogo, yasijionyeshe. Hapana, umeyaua, yarudishe." Shangazi alitaka kusema kitu akaambiwa angoje. Nje kulianza kuingia giza na Katibu alikataza taa kuwashwa, kwa kuwa taa ya sebule ingeharibu rangi zote. Magoti ya Mwenyekiti yalilia, hakuinuka.

Mama alitazama ukutani, akatazama kompyuta, akatazama ukutani tena. Alimwambia Mwenyekiti aliache la kushoto limezibwa. Aliitazama kompyuta kwa jicho jipya peke yake, muda mrefu, mikono mapajani.

Alisema, "Simama hapo. Usiguse tena."

Kisha alisema, "Ndivyo tulivyokuwa tunauona."

Aliuliza Alhamisi anatakiwa kufika saa ngapi, na kama aende amekula au hajala. Mke wa Mwenyekiti alimjibu.

AZIMIO: Picha hii ya pili ichapwe kabla ya Alhamisi na itundikwe kando ya ile ya kwanza. Hakuna mtu wa familia hii, sasa au baadaye, atakayeirekebisha rangi.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliombwa afunge kikao, lakini alikuwa bado amepiga magoti kando ya Mama. Shangazi alikifunga kwa niaba yake saa kumi na mbili na nusu jioni, na taa ikawashwa.

Mwenyekiti: .............................. (Kaka Mkubwa)

Katibu: .............................. (Binti wa kati)

Mlezi ameomba naye aweke sahihi, baada ya Alhamisi, atakapoweza kuuona mstari kwa macho yote mawili.

Mlezi: ..............................