Lenzi ya Nukta Tatu

Tizgui, 4 Mei 2009

Kwako Kaka Bassou,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, Mama hajambo ila magoti, hofu ni kwako tu. Shingo inaendeleaje? Mama haniachi nipumue kwa swali hilo. Dereva wa basi atakupa chupa ya mafuta ya zeituni yaliyochemshwa na zaatari. Ujisugue shingo kabla ya kulala, usiyale na mkate kama mwaka jana.

Nina habari. Kocha Si Hammou amenichukua niwe mpiga picha wa timu ya kuruka na miavuli kutoka kwenye ndege. Nitakuwa naruka juu ya wale warukaji wanne, kamera kwenye kofia, kama ulivyofanya wewe kabla shingo haijakustaafisha. Mashindano ni mwezi wa saba. Mwenyewe unajua: waamuzi hawaangalii angani, wanaangalia mkanda wangu wa video. Mshiko wa mikono usioonekana hauhesabiwi.

Sasa nishauri. Mezani nina lenzi mbili za pembe pana. Moja ni 0.6. Nyingine ni 0.3, ile uliyoiacha; inaona upana ajabu, mpaka ncha za viatu vyangu zinaingia. Si Hammou anasema, "Chukua nukta tatu, binti. Hata ukiyumba, wote wanne wamo." Nichukue ipi, na kwa nini?

Rabha anakusalimu. Bado anatukunjia miavuli. Tangu azimie hewani mwaka ule wavulana wanamwita Msinziaji, na leo tena wamemwuliza kama amelala vizuri. Akawajibu, "Nyinyi rukeni tu. Mwavuli nimekunja mimi."

Mdogo wako,
Itto


Agadir, 9 Mei 2009

Kwako Itto,

Salamu zimefika, na mafuta pia. Mwambie Mama Mungu amzidishie. Shingo haijambo.

Chukua 0.6. Ile 0.3 inapinda kila kilicho pembeni. Mikono ya walio ukingoni inakuwa kama ndizi na mwamuzi haoni nani kamshika nani. Tena inawafanya watu wawe wadogo. Kwa 0.6 utakaa juu kidogo na nyuma kidogo, na picha itajaa.

Hayo yanakutosha. Ile 0.3 itupe kwenye mfereji wa kumwagilia. Usibishane na Si Hammou, itupe tu.

Kaka yako,
Bassou


Tizgui, 17 Mei 2009

Kwako Kaka Bassou,

Salaam. Sisi wazima. Shingo je?

Nilikuomba ushauri, ukanijibu kama karani wa forodha. "Hayo yanakutosha." Yananitosha kwa lipi? Miaka mitano umeruka na timu hii, na mdogo wako akikuuliza swali la kazi unampa mistari sita na amri ya kutupa kifaa cha watu mferejini!

Nimeruka mara nane na nukta tatu. Wote wanne wamo, kila mara. Ni kweli wanaonekana wadogo. Jana Si Hammou aliusimamisha mkanda mbele ya wote. "Hawa ni watu au mchwa? Shuka, Itto! Sogea! Unaogopa watakuuma?" Watu wakacheka. Nahodha wetu Lahcen peke yake hakucheka, alitoka nje kuvuta sigara. Jumamosi asubuhi nitasogea, waone.

Nami najua kinachokuuma. Si shingo. Kofia yako sasa iko kwenye kichwa cha msichana, na msichana huyo hajayumba hata mara moja. Una wivu, Kaka. Sema basi, yaishe.

Mdogo wako,
Itto


Agadir, 21 Mei 2009

Itto,

Usisogee.

Nakuandikia ilivyokuwa. Tarehe 14 Juni 2005, mruko wa pili wa asubuhi. Nilikuwa na hiyo 0.3 kwa wiki ya kwanza. Si Hammou alikuwa amesema watu wanaonekana kama mchwa. Maneno hayo hayo.

Juu ya migongo ya watu wanaoanguka hakuna upepo, wameuziba wao wenyewe. Sisi tulipaita kisimani. Kama neno hilo hujalisikia hapo uwanjani, ujue wameacha kulitamka. Ukiingia hapo, hewa iliyokuwa ikikubeba inakwisha, unadondoka kama ndoo iliyokatika kamba. Lenzi ile inakufanya udhani uko mbali, kwa hiyo unasogea. Nilisogea. Nilimwangukia Rabha, mmoja wa wale wanne, kofia yangu ikampiga begani na kisogoni. Akazimia. Kifaa cha dharura kikamfungulia mwavuli chenyewe, akatua kwenye shamba la viazi sukari, mfupa wa mtulinga umevunjika, hakumbuki chochote.

Kabla gari halijamfikia, Si Hammou alikuwa na maneno tayari: msichana amezimia mwenyewe. Mashindano yalikuwa baada ya wiki tatu, ukweli ungenifungia, na hapakuwa na mpiga picha mwingine. Lahcen alikubali. Nami nilikubali. Tulipata nafasi ya pili.

Shingo yangu haijawahi kuuma. Nilihitaji sababu ya kuondoka.

Mkanda umo kwenye kifurushi. Utazame wewe peke yako, kisha uuchome.

Kaka yako,
Bassou


Tizgui, 24 Mei 2009

Bassou,

Kifurushi kilifika jana saa saba mchana. Asubuhi nilikuwa nimesharuka.

Nilisogea. Upepo ulinyamaza masikioni, kama mtu amefunga mlango. Nikadondoka. Goti langu lilipita kando ya kichwa cha Lahcen, ungeweza kuingiza kiganja katikati, si zaidi. Tulipotua nilimfuata, nikamwuliza, "Kile ni nini?" Akasema, "Kisima." Kisha akainama, akatapika kwenye viatu vyake.

Barua yako niliisoma nikiwa bado na vumbi usoni. Umeandika niutazame mkanda peke yangu. Nilimwita Rabha.

Aliutazama mara tatu. Mara ya kwanza alijishika bega. Mara ya pili aliniambia nisimamishe pale kofia yako inapomgusa, akasogeza uso karibu na kioo. Mara ya tatu akasema, "Kumbe sikulala." Akarudi kwenye mwavuli aliokuwa akiukunja. Akaukunja wote, akautazama, akaukunjua, akaanza upya.

Unajua anaishije? Amenyimwa kibali cha kuruka kwa sababu ni mtu wa kuzimia. Madaktari wawili hawakuona kitu, akadhani wamekosea. Hashuki ngazi na mtoto wa dada yake mikononi, anamwachia mwingine, asije akazimia naye. Miaka minne anangoja kizunguzungu ambacho hakipo! Nawe uko Agadir unajipaka mafuta shingo isiyouma, unaniandikia "shingo haijambo" kwa mwandiko mzuri.

Nami nimemwita Msinziaji. Nimecheka na wengine. Hilo ni langu, nimemwambia mwenyewe.

Ungeandika neno hilo moja kwenye barua ya kwanza, kisima, ningeitupa 0.3 siku ile ile. Nimeitupa leo. Si Hammou alinipigia kelele kuwa nimeharibu mali ya klabu. Nikamwambia aingie mferejini aitafute, maji si ya kina.

Alhamisi tunakwenda Rabat mbele ya kamati ya vibali: Rabha, mimi na Lahcen. Lahcen amesema atasema. Tutaingia saa nne asubuhi. Wewe panda basi la Jumatano. Ukija, utasema kwa mdomo wako. Usipokuja, mkanda utasema badala yako: una tarehe na saa chini ya picha, pembeni kulia.

Mama nimemwambia. Chupa yako ya mwezi ujao ilikuwa tayari, imefungwa karatasi, jina lako juu. Aliitoa karatasi, akajitanda shela, akaenda nayo kwa kina Rabha. Bega la Rabha linauma kweli, hasa kukiwa na baridi.

Itto