Mafuta Si Mafuta

Mwanangu,

Nimekwenda kununua mipira mipya ya breki. Chai iko kwenye chupa. Jiwe lililo nyuma ya tairi lisiguswe.

Asubuhi nilikanyaga breki, zikang'ang'ania, gari halisogei. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki, nikanusa: mafuta ya injini. Nilipokuuliza ukajibu, "Niliongeza juzi, Baba. Mafuta ni mafuta." Basi kesho jikaangie mayai kwa mafuta ya taa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki, na onyo limeandikwa pale pale kwenye kifuniko. Mimi nilijifunza kusoma shule ya usiku, tayari nina ndevu. Wewe ulisomeshwa mchana kweupe.

Jumamosi dada yako anaolewa, na nilimwahidi tangu mdogo kwamba nitampeleka kwa gari hili. Hatapanda la kukodi kwa ajili ya ukarimu wako.

Nikishafunga mipira, lazima hewa itolewe kwenye mabomba ya breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza skrubu. ~~Nitamwita jirani.~~ Saa kumi uwe uani. Utakanyaga nikikuambia. Kumimina nitamimina mwenyewe.

Baba yako, dereva wa bibi harusi